Pingili Kumi na Mbili na Nusu

Alianza kukohoa mfungo ukielekea ukingoni,
kikohozi kikavu cha usiku wa manane,
kama aliyekwamwa na mwiba wa changu.
Nikasema ni vumbi. Shimanzi nzima inakohoa saruji,
hata mimi, hata paka wa pale kwenye mizani.
Nikamtilia asali kwenye kifuniko cha chupa.
Asali akailamba, kikohozi kikabaki pale pale.

Afisa wa kampuni akaja na daftari lake.
"Mwagandi, huyu Koplo anafanya kazi au hafanyi?"
Miaka minane zamu moja, yeye na mimi.
Hakupandishwa cheo. Na mimi vivyo hivyo.

Nikakopa kwa muuza mahamri wa geti la pili,
nikakodi tuktuk hadi Tudor.
Dereva akatandika gunia, kisha gunia juu ya gunia.

Daktari Parvin alimsikiliza kifua, macho kayafumba,
akakaa hivyo hadi nikaogopa.
"Kuna mvumo. Twende kwenye eksirei."
Nikavikwa aproni ya risasi
(kwetu walinzi neno hilo lina uso mwingine),
nzito kama mtoto aliyepitiwa na usingizi.
Koplo kalala ubavu, miguu ya mbele nimeivuta mimi,
mate yake yananitiririka kifundoni:
mara saba, moja kwa udongo, nitaosha baadaye.
"Tulia, avute pumzi… sasa."
Mlio mdogo, kama kufuli iliyoukubali ufunguo.

Miaka yote hii nimemwona kwa tochi.
Sikuwahi kumwona kwa ndani.
Mbavu zimepangwa kama boriti za dari ya Kibokoni,
mapafu giza,
na katikati wingu jeupe limejiketisha,
limeusukuma juu mrija wa pumzi
hadi umekaribia kugusa uti wa mgongo.

Daktari akachukua ukingo wa karatasi,
akatia alama ya urefu wa moyo, kisha upana,
akaihamishia karatasi kwenye uti
akihesabu kuanzia pingili ya nne ya kifua,
kama fundi cherehani aliyepoteza futi.
"Wa mzima ni kumi na nusu, hivi. Huu ni kumi na mbili na nusu."

Nikasema, "Basi ana moyo mkubwa."
Nilidhani namsifu.
Akanitazama. "Kuna mlango humo ndani haufungi.
Damu ikipita, nyingine inarudi ilikotoka,
na chumba kinajipanua kuipokea."
Mlango haufungi!
Nami hutikisa makufuli arobaini na mawili kila saa,
na yeye nyuma yangu, anahema.

"Na hiki je?"
Nukta, nyeupe kuliko mfupa, kando ya ubavu wa saba.
"Risasi. Ya bunduki ya upepo. Ya zamani. Hukujua?"

Sikujua.
Nikakumbuka usiku wa wezi wa nyaya za shaba,
alivyopotelea nyuma ya makontena,
akarudi kumekucha, anajivuta,
nami nikamgombeza kwa kuchelewa.

Nilipewa vidonge, vya moyo na vya kukojoza maji,
na kazi moja: nimhesabie pumzi akiwa usingizini.
Zikizidi thelathini kwa dakika, nipige simu.

Afisa ana daftari lake. Mimi nina langu.
Jumatatu, ishirini na nane.
Jumanne, ishirini na sita.
Jumatano stima ikapotea, tochi ikafa,
nikamwekea kiganja ubavuni, pale penye nukta,
nikahesabu gizani, nikapotea, nikaanza upya.
Akaamka akanilamba mkono wote.

Alfajiri nikazunguka kutafuta udongo wa kuoshea.
Shimanzi, bwana.
Saruji tupu.